Shingo Bila Shanga

Kanamkemer, Lodwar

Kwako Mama Lionel,

Ejok? Natumai umejibu "ejok nooi" kwa Kiturkana chetu bila kujing'ata ulimi kama zamani. Lionel hajambo? Na ile cherehani yako, bado inagoma ikiona jinzi? Huku kwetu joto ni lile lile, mbuzi wazima. Habari za afya yangu zinakuja, usikimbilie chini.

Nimeandika kwa sababu simu ni ya mume wangu, Lomuria, na mama yake, Nabei, haondoki karibu nayo. Barua utapewa na jirani yetu anayeendesha pikapu za Kakuma.

Unakumbuka uliponipima gauni, ukagusa uvimbe shingoni ukasema shanga zinanibana? Si shanga. Ni saratani. Daktari alinieleza polepole, akasema inatibika nikienda Eldoret kuchomwa kwa mionzi, ila nisikawie. Kisha akasema shanga zote zitoke.

Miaka yote niliyokuuzia kuni hapo kambini Kakuma sikuwahi kukueleza jambo hili. Kwetu mwanamke aliyeolewa halali wala haogi bila shanga zake. Huzivua akifiwa na mume. Nikionekana shingo tupu, ni kama nimemzika Lomuria naye anakunywa chai. Nabei aliposikia alikaa mlangoni akaapa kwamba nikizivua ataanza kilio cha msiba kabla sijafika barabarani.

Nikarudi kwa daktari nikamwambia mume wangu amekataa. Akanipa tarehe nyingine, nayo ikapita. Nikawa naongeza shanga juu ya uvimbe ili usionekane, mpaka kugeuka ikawa kazi, kumeza uji kazi. Majirani nao nikawaambia hivyo hivyo; wakanihurumia, wakamsema Lomuria kuwa ni katili, nami nikawaacha waseme. Nimebanwa, dada yangu. Huku uvimbe, huku shanga, huku mama mkwe, na pumzi yenyewe inapita kwa kuomba ruhusa.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu mwingine. Lomuria hakukataa. Siku ile ile ya kwanza aliniambia, "Mimi niko hai. Vua." Aliyekataa ni mimi. Shangazi yangu wa Lokichar alikwenda kutibiwa kwa mashine hizo za mionzi akarudishwa kwa sanduku, na tangu hapo nikisikia neno mashine natafuta pa kujificha. Nikajikinga nyuma ya mila, nyuma ya Nabei, nyuma ya jina la mume wangu. Mwoga hakosi sababu.

Wiki hii maneno ya majirani yakamfikia Lomuria sokoni, kwenye mbuzi, mbele ya wanaume wenzake. Alirudi akaniuliza kama ni mimi niliyesema hivyo. Nikakubali. Nilingoja fimbo. Akasema, "Waniite katili tu, mradi wewe uwepo usikie." Nililia, Mama Lionel. Afadhali angenipiga.

Kesho tunaondoka. Amesema atatangulia mbele yangu kutoka hapa nyumbani mpaka stendi, akimsalimia kila mtu kwa jina lake na kumpa mkono, ili aonekane yu hai. Nabei akitaka kulia na alie, mwanawe atampungia mkono.

Uzi nimeukata asubuhi hii. Nisikudanganye, naogopa bado. Shingo ni nyepesi mno, inanitia aibu, najishika kila mara. Shanga zimo kwenye huo mfuko wa unga uliokuja na barua. Zikibaki hapa, Nabei atanivisha, au nitazivaa mwenyewe na kusingizia tena. Ukae nazo wewe. Lakini usizitunge bado, kipimo cha zamani hakifai tena. Nisubiri nije, unipime shingo upya.

Msalimie Lionel, na yule mama wa Kisudani jirani yako, Achol, mwambie kuni zake zitakuja. Ukisali Jumapili nitaje kwa sauti, Mungu ana watu wengi.

Ni mimi rafiki yako,
Nakiru, mke wa Lomuria, ambaye yu hai.