Mtoto wa Jirani

Kiwanja, tarehe 18 Aprili 2021

Kwa binti yangu Umuhire,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ni goti langu tu linalolalamika mvua ikikaribia. Wewe na kazi yako mko salama? Mchumba wako Aubin na wazee wake wa upande wa Bukavu hawajambo? Waambie mwezi wa saba ninawangoja, na waje na njaa.

Utacheka kuona barua wakati simu ipo. Simu yangu inapaza sauti kama redio, na ua wetu ni wa miti, kila neno linatoka nje. Hitimana, dereva wa lori la maharage, atakufikishia mkononi.

Nina swali. Kuna mtoto wa jirani, kijana wa miaka kumi na tisa. Tangu Januari ameacha shamba. Anaongea peke yake, anaziba masikio kwa matambara, anasema moto uko chini ya miguu yetu na unamwita kwa jina. Baba yake hajui la kufanya. Nikakumbuka kwamba hiyo ndiyo kazi yako.

Ndugu yako Nizeyimana anakusalimu. Hakuweza kuandika, ana kazi nyingi.

Papa yako


Katoyi, Goma, 27 Aprili 2021

Papa mpenzi,

Hujambo, na goti je? Lifunge kitambaa chenye joto, usilipeleke tena kwa yule mzee anayetibu kwa majivu. Mimi mzima, ila mawe meusi ya huku Katoyi yamekula soli zangu.

Mimi si daktari, Papa. Ninakwenda nyumba kwa nyumba kwa vijana ambao sauti zimeanza kuwasemesha juzijuzi, kabla ugonjwa haujaota mizizi. Ninakaa jikoni na mama zao, ninasema yaleyale: msimfunge kamba, msibishane na sauti zake, msimcheke. Na msimtengee sahani yake. Nikiingia nyumba mpya, kwanza ninatazama sahani. Mgonjwa akila peke yake nyuma ya nyumba, najua tuna safari ndefu. Akila sahani moja na wenzake, kazi imeanza vizuri.

Mwambie jirani amlete mapema. Dawa zipo kwenye kituo cha afya, na tiba ya miezi ya kwanza haina mfano. Nishimwe, msichana ninayemtembelea, alikuja akiwa hamtambui mama yake. Leo anauza mikate, na hesabu zake zinanishinda mimi.

Kwani ni jirani gani? Bagalwa?

Binti yako


Kiwanja, 16 Mei 2021

Kwa binti yangu,

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Goti limetulia.

Jina la jirani usilitafute, ana aibu. Ana binti anayekaribia kuolewa, na watu unawajua: wakisikia nyumba ina kichaa, wanasema ni damu, na wakwe wanarudia njiani. Anaogopa kumharibia binti yake maisha. Lakini nimemsomea barua yako mara tatu na amekubali. Jumatatu tarehe 24 Hitimana atatupakia, nitakuja nao mwenyewe. Kuna neno nitakuambia uso kwa uso.

Papa yako


Sake, 6 Juni 2021

Papa,

Tu hai, Mungu asifiwe. Ninyi huko mko salama? Najua mliona wekundu wa mlima wa moto, Nyiragongo. Jumamosi ile moto ulishuka mpaka Buhene, ukingoni mwa mji, ukakata barabara yenu, na siku tano baadaye, ardhi ikitetemeka mchana kutwa, tukaamriwa kuuhama mji.

Nilitembea mpaka hapa Sake na wagonjwa wanne. Nishimwe alishika mkanda wa mfuko wangu njia nzima, hata alipolala hakuuachia. Watu wenye akili zao walikuwa wakikanyagana, na wangu walitembea polepole nyuma yangu. Nilipofika nililia kwa uchovu na kwa mapenzi, vyote pamoja.

Barabara imeanza kupitika. Mleteni mtoto wa jirani. Mwezi huu usiishe.

Binti yako


Kiwanja, 25 Juni 2021

Kwa binti yangu,

Tumefurahi mno kusikia u mzima. Pole kwa mateso ya njiani.

Mtoto haji tena. Alisema moto, na moto ukatoka! Watu wote wa huku walimsikia. Pasta Paulin wa chumba cha maombi anasema si ugonjwa, ni unabii, na wamemvika kanzu nyeupe. Waliokuwa wakivuka barabara wasikutane naye sasa wanampigia magoti. Baba yake amepata usingizi kwa mara ya kwanza mwaka huu. Sauti zinamwambia afunge kula. Jana aliisukuma sahani ya bluu ya marehemu mama yenu, maharage yakamwagika, na akina mama wakayaokota wakasema ni baraka.

Asante kwa ushauri wako. Mambo ya Mungu tumwachie Mungu.

Papa yako


Katoyi, 4 Julai 2021

Papa,

Leo sikusalimu.

Sahani ya bluu ya mama, ile yenye pengo ukingoni, haijawahi kutoka nyumbani kwetu. Ni Nize. Miezi hii yote nimekufundisha kumtunza ndugu yangu mwenyewe kama mtoto wa watu. Na mimi nina kosa langu. Katika kila nyumba ninauliza, "Nani humu ndani hasikiki?" Barua zako zilikuwa na kijana asiyeandika hata salamu, na sikuuliza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulificha kwa ajili ya harusi yangu. Basi nimemwambia Aubin yote. Akasema, "Lete ule mutoto. Ni muramu, shemeji yangu, atalala kwetu." Hilo ndilo uliloliogopa, Papa, maneno hayo machache.

Sauti zinamwambia mambo mia, moja limeangukia kweli. Hayo mengine yatamuua. Ninakuja Jumamosi. Usikubali atoke nyumbani.

Binti yako


Kanyaruchinya, 9 Novemba 2022

Kwa binti yangu Umuhire,

Tangu siku ile ulipokuta kitanda kitupu ukaondoka bila kunywa hata maji, sijathubutu kukuandikia. Harusi yako nilisimuliwa na Hitimana.

Niliwaruhusu watu wa Pasta Paulin wampeleke Vitshumbi, ziwani, kuwatabiria wavuvi. Unabii ulipokosa, walimpiga wakamwacha ufukweni. Nilimrudisha mwezi wa pili mwaka huu. Nikafanya ulivyoandika. Sikumfunga, sikubishana, tulikula sahani moja, mimi na yeye. Dawa nilizitafuta Rutshuru, kwa aibu ya kukuomba wewe. Akaanza kupata nafuu, Umuhire. Siku moja alipalilia mistari miwili ya maharage, akanicheka nilipoteleza. Nilitaka nisikuandikie tena, nikuletee yeye mwenyewe, amesimama.

Kisha waasi wakakata barabara, dawa zikaisha. Tarehe 29 Oktoba risasi ziliingia Kiwanja. Alikaa mlangoni, mikono masikioni. "Papa, weye enda. Miye siendi. Banasema nikitoka, udongo itapasuka." Nilimvuta, nikampigia magoti kwa goti hilihili. Kamba ya mbuzi ilikuwa mkononi mwangu. Nilikumbuka barua yako, nikaitupa. Nikakimbia kumwita Bagalwa tumbebe. Tuliporudi alikuwa amelala palepale mlangoni, risasi imempita kifuani. Tulimzika nyuma ya nyumba, bila sanduku, bila wimbo. Nilichobeba ni sahani ya mama yenu tu.

Nipo hapa kambini siku ya tisa. Mabati ya Goma ninayaona, miguu haitaki kuja.

Nina swali. Kuna jirani yangu hapa, mzee. Akienda kuchota maji anamsikia mwanawe akimwita "Papa", na mwanawe hayupo. Ameacha kula na watu. Hiyo ndiyo kazi yako. Afanye nini?

Papa yako


Katoyi, 10 Novemba 2022

Papa,

Hujambo? Unalala juu ya nini? Goti linakuuma?

Nimelia, na ninaandika nikilia. Kuhusu kamba, sijui, Papa. Labda mimi ningemfunga. Maneno yale niliyasema jikoni kwa watu, sikuyapima kwa risasi. Basi usiyabebe peke yako, ni yangu pia. Na ile methali niliyokutupia, nisamehe.

Mwambie jirani yako asibishane na sauti hiyo. Asikae peke yake, wala asile peke yake. Kesho asubuhi ninakuja kumchukua kwa pikipiki, nitauliza watu wanionyeshe mzee mwenye sahani ya bluu. Aubin ameshaloweka maharage. Tutakula sote watatu katika sahani hiyo.

Binti yako, dada yake Nize