Minyaa ya Mama Kulwa

Geita, Jumanne, Novemba 1977

Bomba la maji nalo limefika kilimani. Sisi wa bondeni bado tunachota kisimani na vyura.

Wazungu wa mgodi walipoondoka, kile kilima kilikuwa mawe na fisi tu. Siku ya kugawiwa viwanja mume wangu alicheka: "Nani atalima mawe?" Akachagua huku, kwenye udongo mweusi wa mpunga. Mama Kulwa na mumewe wakachukua mawe. Leo huko juu kuna barabara, mabati yanang'aa mpaka yananiumiza macho. Sisi tuna mpunga, na mbu.

Mchana Mama Kulwa ameshuka kuniomba minyaa ya kupanda uzio. "Mama Doto, ya kwako imeshika vizuri mno."

Nikatabasamu. Nikampa ile niliyoikata wiki iliyopita, imenyauka juani, nikijua haitaota. Akanishukuru "wabeja" mara mbili, akapanda kilima nayo kichwani.

Ameshafika kwake ndipo nikakumbuka mama mkwe alivyonifundisha. Minyaa haipandwi mibichi, inaoza. Huachwa kwanza inyauke.

Hata roho yangu mbaya inamfaa yeye.