Baraka za Kukhu Zimeingia Nzima

Video haijaruka! Hata picha moja haijapotea njiani. Kutoka Tuwan hadi Sirisia hakuna fundi wa video kama mimi. Anayebisha alete kompyuta yake.

Lakini tangu juzi roho ilikuwa mkononi. Kila nikiingiza kaseti ya harusi ya Nasimiyu, mtoto wa dada yangu, kwenye kompyuta, video inarukaruka pale kukhu, nyanya yake, anapombariki. Anafungua mdomo, ghafla ameshaketi.

Nasimiyu akanuna. "Mjomba, wakwe wakiona hii Jumapili, si watasema ati baraka zangu zilikatika?"

Nililaumu kaseti, nikalaumu stima. Kumbe ni rumba! Kompyuta hiyohiyo inapigia wateja muziki hadi barabarani, na huku inavuta video. Nani hukamua ng'ombe wawili kwa wakati mmoja?

Leo nimezima muziki na kila programu, hata ile ya kuzuia virusi na wale samaki wa kuogelea kwenye skrini. Video nikaielekeza kwenye diski ya pili, tupu kabisa. Mausi sikugusa.

Duka likanyamaza mpaka jirani, Mama Halima, akaja mbio. "Baba Simiyu, pole! Nani amekufa?"

"Hakuna, bana. Tunaingiza harusi."

"Ala! Na nimeacha chapati zikiungua!"

Jioni Nasimiyu amemtazama kukhu akiomba mpaka amina, akacheka huku machozi yanamtoka. Akauliza nilifanyaje.

Nimemwambia niliitolea kompyuta macho, ikaogopa. Ameamini. Basi ndivyo ilivyokuwa.