Sifuri ya Mjomba

Ofisi ya Mto,
Ghorofa ya Kwanza.
Jumanne, 9 Aprili.

Mpendwa Mjomba,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na baridi ya huko bado inakuuma magotini? Sisi tu wazima. Mama yako ni mzima kabisa. Naanza na hilo kwa kuwa najua habari za mafuriko zimekufikia.

Unaikumbuka ile modeli ya kukadiria kimo cha maji ya mto uliyotuachia kwenye kompyuta ulipohama? Bado tunaitumia. Juzijuzi wenzetu wa hali ya hewa walitupa modeli yao ya mvua, nami nikapewa kazi ya kuziunganisha. Zilinitoa jasho wiki tatu. Yao inahesabu kwa siku, yako kwa saa, na yako haina hata ukurasa mmoja wa maelezo. Hapo nilikusema vibaya, nisamehe. Mwishowe zikakubaliana.

Alhamisi mvua ikazidi. Tukaziendesha pamoja, zikatoa jibu: sentimita arobaini. Sote tukadhani ni arobaini juu ya kina cha kawaida cha mto, yaani maji hayatavuka kingo. Bosi akasema hakuna wa kuhamishwa.

Mchana nikapita kwa Bibi kumtoa wasiwasi. Akaniuliza, "Arobaini kutoka wapi?" Akanionyesha alama uliyochonga kwenye kizingiti chake. "Mjomba wako alikuwa anapimia hapa kila mvua kubwa. Ananiambia, mama, sifuri yangu ndiyo hii."

Nilikimbia ofisini bila mwavuli, nikamwambia Bosi kwamba arobaini ni ndani ya nyumba za watu. Hakubisha. Mtaa mzima ulihama kabla ya giza. Maji yalipopungua nilipima mstari wa tope ukutani kwa Bibi: arobaini na mbili.

Ulikuwa sahihi, Mjomba, ila ulikuwa sahihi peke yako. Tafadhali niandikie yote mengine uliyoondoka nayo kichwani.

Bibi yuko kwangu. Amenipokonya kitanda, na chai yangu anasema ni maji ya kuoshea vikombe. Mama anakusalimu sana, na mume wangu pia. Nisalimie wifi yake Mama na wale mapacha.

Jana niliandika maelezo mwanzoni mwa modeli: "Vipimo vyote vinaanzia kizingiti cha mama." Nilipomsomea Bibi alifuta macho. "Kumbe miaka yote hii anahesabu kutoka nyumbani," akasema. "Mwambie mlango umeshakauka."

Mungu akulinde, akurudishe salama.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, hata ninapokulaumu,
Kidomodomo