Mtambo Hautaki Salamu

Dedza,
Jumapili, baada ya ibada

Dada Estele mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo. Je, hujambo? Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea mkweo unaitumia, au bado unaificha chini ya kitanda ukidai inanuka? Sisi huku tu wazima. Mke wangu NaBanda anakusalimu sana. Analalamika kwamba Chipata imetunyang'anya wewe, maana tangu ustaafu ualimu na kuhamia kwa mwanao hujarudi hata kuonja viazi vipya. Nina ombi, dada, lakini nitalifikia polepole. Kwanza niache nilalamike, kwa sababu hapa sina wa kumlalamikia ila Mungu, na nadhani naye ameanza kuchoka.

Unakumbuka kituo chetu cha walimu kililetewa kompyuta mbili, na mimi mgawa vitabu nikapelekwa mafunzo mafupi, nikarudi naitwa msaidizi wa walimu. Kazi yangu ni kuwaonyesha namna ya kutumia mtambo wa kutafutia masomo. Unaandika maneno mawili matatu ya kitu unachotaka kufundisha, nao unakuletea maandalio ya somo, picha na mazoezi yaliyowekwa na walimu wa kila pembe ya dunia. Kule mafunzoni ilionekana kazi ya kumsukuma mlevi. Huku nimekiona cha mtema kuni.

Shida ya kwanza ni adabu. Mwalimu wa kwetu haombi kitu bila kusalimu. Mzee Sakala wa hesabu, yule mwenye koti la kijani, aliketi akaandika kwamba habari za asubuhi, yeye ni mwalimu Sakala wa darasa la sita, anatumaini wenye mtambo wameamka salama, na kwa unyenyekevu anaomba somo la hesabu za sehemu. Mtambo ukamletea masomo ya watoto wadogo kuhusu kusalimiana. Nikamweleza kwamba huu hautaki salamu, aandike tu sehemu, darasa la sita. Akanitazama kana kwamba nimemwambia aingie kanisani na kofia. Akasema angalau mashine imeitikia, kuliko vijana wa siku hizi, na kwamba yeye haingii nyumba ya mtu akitaja chakula toka mlangoni. Kila akija nafuta salamu zake, na kila akija anaziandika upya.

Halafu kuna ukubwa. Mwalimu Takondwa Mbewe, binti anayefundisha darasa la pili, hawezi kukalia kiti wazee wakiwa wamesimama, kwa hiyo anangoja ukutani mpaka umeme unakatika. Nikapendekeza zamu. Wakubwa wakaisifu sana, kisha wakaketi vilevile kwa umri.

Na ukishafika kwenye kiti, unapata nini? Mwalimu wa sayansi aliomba somo la maji kuganda na kuyeyuka. Andalio likaagiza kila mtoto apewe kipande chake cha barafu ndani ya kibakuli. Ana watoto zaidi ya mia, wanakaa sakafuni. Akaniuliza, bwana Wyson, hiyo barafu umeifuga wapi, kwa mkeo? Akasema mtambo huu haujawahi kulala Dedza hata siku moja. Wote wakacheka, nikachekwa mimi, utadhani niliufinyanga kwa mikono yangu. Nilipomweleza mkuu wa kituo, Bwana Njolomole, alinishauri nitabasamu zaidi ninapofundisha. Niliingia stoo nikasali ili nisimjibu.

Sasa nifike ninakokwenda. Wiki iliyopita mvua iliwazuia wazee, akaja Takondwa peke yake. Hatimaye kiti ni chako, nikamwambia, leo tafuta mpaka uchoke. Hakucheka. Akaandika taratibu kwamba habari za asubuhi, yeye ni mwalimu wa darasa la pili, ana mwanafunzi aitwaye Tadala ambaye malaria imemchukua. Wazazi wamewaambia watoto kwamba Tadala amesafiri, kama tufanyavyo siku zote. Basi kila asubuhi uji wa shule ukigawiwa, watoto wanapokea na kikombe cha Tadala, wanakiweka mahali alipokuwa akikaa, na hakuna anayekubali kukigusa. Wanamuuliza mwalimu atarudi lini. Akauomba mtambo umfundishe namna ya kuwaambia.

Siku hiyo sikufuta salamu. Mtambo ukasema hakuna kilichopatikana, jaribu maneno mengine. Tukajaribu kifo, ukaleta majani yanayokauka na maisha ya chura. Tukajaribu msiba, ukaleta andalio moja la mbali lisemalo mwalimu ampigie simu mshauri wa shule. Takondwa akaniuliza mshauri wetu ni nani, yule mbuzi wa mwalimu mkuu? Akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Akasema hawezi tena kuingia darasa lile na kuwadanganya, na kwamba ikiwa hapati neno la kuwaambia ataacha kazi arudi kwao. Dada, nilikasirika, nusura niipige ile kompyuta.

Kisha nikajisikia nikimwambia kwamba namjua mtu anayejua.

Ningekupigia simu, lakini sauti yangu isingefika mwisho. Limbani wangu alikuwa katika darasa lako la pili. Homa ilimchukua kati ya Ijumaa na Jumapili, tukamzika, na Jumatatu wewe ulivaa vitambaa vya msiba ukaenda kazini. NaBanda alikuona ukipita. Tangu siku hiyo sijakuuliza uliwaambia nini wenzake. Wote sasa ni watu wazima, hukutana nami sokoni wakanishika mkono kwa mikono miwili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mwanangu amesafiri wapi. Kwa hiyo najua uliwaambia kitu, na kwamba kilikuwa kweli. Nilikuwa naogopa kukisikia. Hata sasa naogopa, lakini kikombe kile kinajazwa kila asubuhi.

Niandikie, dada. Andika kama ulivyosema, hata kama ni maneno machache, hata kama ulilia. Nitamsomea Takondwa, na kabla ya hapo nitamsomea NaBanda.

Msalimie mkweo na wajukuu wote. Barua hii imekuja na Mama Kamwendo, muuza viazi. Anarudi Dedza Alhamisi. Tafadhali mpe majibu yako.

Nduguyo,
Wyson