Kijiko cha Makonyo

Kiembe Samaki, Jumatano

Viluwiluwi vya mbu katika mabakuli yote mawili vimekufa, na hilo ndilo linaloniudhi. Moja nililitia maji ya mwarobaini uliochemshwa. La pili nililiacha na maji matupu ya pipani, nipate kulinganisha.

Nikamuuliza mama.

"Nliona hili umelisahau, mwanangu. Nkakutilia maji ya makonyo ya karafuu."

Siku tatu zimekwenda na maji! Nilitaka kupiga kelele, lakini nikajikuta nauliza ametia kiasi gani.

"Kijiko kimoja tu."

Mwarobaini mimi nilitia vikombe viwili.

Kijiko kimoja... Kweli?

Kesho naanza upya, na makonyo yamo. Bakuli la maji matupu nitalificha uvunguni mwa kitanda changu. Mbu wakitoka, wataanza na mimi.