Kilabu cha Wanaosimama

Kaka Ekai,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri, na padri amezoea kuniona nikikaa tu mbele yake bila neno. Watu wote waliosikia habari za kilabu cha Lokopo, na ni wachache, wanadhani ulikijenga peke yako. Mlango wake ulikuwa wako, na kuta, na huyo Lokopo mwenyewe. Lakini lile neno lililokufanya uondoke lilikuwa langu.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa umetoka Kakuma kwa shangazi na kitabu kisicho na jalada, ulichoazimwa na rafiki yako Mkongo. Kilikuwa cha Kiingereza, kimejaa majoka na wafalme, na kila baada ya kurasa chache watu waliingia katika nyumba ya pombe kando ya maji, wakatundika mapanga yao na kuulizana habari. Ulinitafsiria ukiwa umelala chali, huku Mama akisuka vikapu vyake na kutuambia tumsaidie, maneno hayaliwi. Ulisema majoka hatuyahitaji, jua linatosha. Ila nyumba ya pombe kando ya maji tuliitaka.

Ndipo tukaanzisha nchi yetu. Mji tukauita Lomaji, kwa sababu mahali pengi kwetu panaanza na Lo, na maji ndiyo tuliyokosa. Ziwa la Lomaji lilikuwa tamu, halina magadi. Mbuzi waliongea, lakini walikuwa waongo. Mimi ulinifanya waziri. Hata kule kwenye kioski cha maji, wasichana waliponiita Bubu, uliwaambia, "Huyu ni waziri wangu, haongei ovyo," nao wakacheka, nami nikajaza mtungi wangu kwa amani.

Wakati huo Baba alikuwa bado anarudi. Alikwenda Todonyang kuvua, akakaa, akarudi na samaki wakavu na ile harufu yake ya moshi. Halafu safari moja walikuja wenzake bila yeye. Mtumbwi wake ulikuwa haujaonekana. Walileta ekicholong yake tu, aliyoiacha ufuoni akiogopa ilowe.

Asiyetoka kwetu ataona ni kigogo kidogo kilichochongwa. Sisi tunajua. Mwanamume hutembea na ekicholong yake. Mchana ni kiti, usiku ni mto wa kichwa, na hakuna mwingine anayeikalia. Baba mdogo alikuja siku hiyohiyo. Alitaka tuomboleze: Mama avue shanga, tunyolewe sote, nawe mzaliwa wa kwanza ukabidhiwe ekicholong ya baba yako. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Alisema, "Mume wangu hajafa. Amechelewa."

Akaichukua ile ekicholong akaiweka kando ya mlango, ikitazama barabara. Ikakaa hapo. Hatukunyolewa. Jirani alipotaka kuikalia, Mama alimtolea kiti cha plastiki.

Baada ya hapo Lomaji ilibadilika. Mbuzi waliacha kusema uongo, wakanyamaza tu. Ukaanza kunieleza kilabu kilitoka wapi. Lokopo alikuwa mvuvi. Alikwenda ziwani na wenzake, akarudi peke yake, na wake zao walipomwuliza, aliona aibu ya kuwa hai, akawaambia wenzake wako njiani. Basi wanawake hawakunyoa vichwa, wakaendelea kupika sehemu ya mume. Na mtu ambaye hakuombolezwa, ulisema, hawezi kwenda walikokwenda wazee, wala hawezi kurudi nyumbani. Kila jioni walitoka majini wakasimama ufuoni, wana kiu. Lokopo akaona biashara. Akaokota mbao za mitumbwi iliyovunjika, akajenga kilabu, akawauzia pombe ya busaa. Malipo hayakuwa pesa. Kwa kila kopo moja, mnywaji alimsahau mtu mmoja wa nyumbani kwake.

Nilikuuliza wanaanza na nani. Ukasema wanaanza na mdogo.

Nilijua unanitania. Hata hivyo nilihesabu: mimi kwanza, halafu wewe, halafu Mama. Nikauliza kama mtu anaweza kukataa kopo. Ukafikiri sana, ukasema ndiyo, anaweza, kama amekaa kwa heshima juu ya kiti chake. Aliyesimama mlangoni kwa watu hukubali chochote anachopewa.

Hapo ndipo niliposema. Mimi, ambaye darasani sijawahi kuinua mkono. Nilisema, "Basi Baba anakunywa. Ekicholong yake iko hapa kwetu."

Ulitazama mlangoni, ukatazama tena chini, na hukunisimulia habari za Lomaji tena. Nilifikiri umekuwa mkubwa, umechoka na mchezo. Niliona hata fahari kidogo, Mungu anisamehe, kwamba nimetunga kitu ambacho wewe hukukifikiria.

Asubuhi uliyoondoka tulikutana njiani, mimi natoka kwenye maji. Ulikuwa na ekicholong mbili mkononi, yako na ya Baba. Ulisema, "Nampelekea mzee kiti chake. Usimwambie Mama, atanirudisha." Mimi nikacheka, Ekai. Mtungi uko kichwani, nikacheka mpaka maji yakanimwagikia, nikakwambia, "Msalimie Lokopo." Nilidhani mchezo umerudi. Ukanipangusa maji usoni kwa kiganja, ukaenda.

Mama alipouliza, nilisema sijui. Bubu akisema sijui, nani atamhoji zaidi? Mwanzoni ilikuwa ahadi yako ninayoitunza, na nilijua utarudi ukinicheka. Kisha siku zikapita na ile sijui ikawa nzito, sikuweza tena kuiondoa mdomoni.

Mama aliamua uko Kakuma, kwa kuwa ulipapenda, na kwamba ekicholong ya Baba umemtunzia tu. Ameshakwenda mara nyingi. Safari moja alinichukua, tukapita duka kwa duka tukimwuliza kila mtu kama ameona kijana mrefu mwenye pengo la meno ya mbele. Mwenye duka mmoja, Mkongo, alimpa maji ya kunywa, akamwambia kwa upole, "Sijamuonaka, mama yangu. Lakini kijana akikuwa hai, atakuya." Mama akamshukuru kana kwamba amepewa habari njema. Mimi nilisimama nyuma yake nikiangalia viatu vyangu.

Juzi alinituma sokoni kununua samaki. Mama mmoja wa Todonyang alikuwa akiwachekesha wateja huku akifunga samaki wakavu kwa kamba. Alisimulia kijana aliyefika ufuoni kwao akibembeleza apakiwe kwenye mtumbwi, na ekicholong mbili mkononi. Vijana wa pale wakamwuliza, "Ndugu, wewe una makalio mangapi?" Naye akawajibu bila kukasirika kwamba moja ni ya mzee, anasimama sana kule aliko. Wateja wakacheka. Mimi nikauliza, kwa sauti ambayo hata sikuijua, "Akarudi?"

Yule mama aliacha kufunga. Alinitazama kichwa mpaka miguu. Akasema upepo ulikuja vibaya siku hiyo, mtumbwi haukurudi, wala wale waliomo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani ni wa kwenu?" Niliondoka bila samaki. Nyumbani nikasema wameisha.

Sasa mtu amemwambia Mama kwamba ameona kijana kama wewe Nadapal, akivuka mpaka na malori. Ameuza mbuzi wawili. Kesho anaondoka, na akikukosa Nadapal atavuka, ataendelea kuuliza kwa watu wasiojua lugha yake, kwa sababu mimi nimekaa kimya. Mimi, Kaka, ndiye Lokopo. Ndiye niliyerudi ufuoni na kumwacha mwanamke aamini kwamba watu wake wako njiani.

Kilabu hicho tulikitunga juu ya mkeka, najua. Mwalimu wa Kiingereza alinipa alama nzuri kwa insha niliyoiandika kuhusu kilabu hicho, akasema nina mawazo mapana. Lakini kila Mama anapopakua chakula na kuwawekea sehemu zenu, ninawaona mko mlangoni mwa Lokopo. Najiambia angalau sasa Baba amekaa. Najiambia wewe umekaa kando yake, na mnakataa kopo.

Sitaki mkae sana. Uliponisimulia kilabu hicho uliacha njia moja ya kutoka, nayo iko mikononi mwa watu wa nyumbani. Wembe ninao, nimeununua leo. Nitamwomba Mama tunyoe vichwa tuwaomboleze, aanze na mimi, kwa sababu kilabu kinaanza na mdogo.

Nasikia viatu vya Mama vya akala uani. Anaweka mtungi chini. Kila siku nikisikia hatua hizi huingiza karatasi chini ya godoro. Leo nimeiacha juu ya mkeka, na wembe juu yake isipeperushwe. Anauliza mbona nimekaa gizani, naandika nini. Nitamwambia aketi kwanza.

Nenda salama, na Baba pia. Mkifika kwa wazee, waambieni mlichelewa kwa sababu yangu.

Mdogo wako, waziri wako,
Akiru